Mwalimu Aliyefundishwa na Wanyiha

Wilayani Mbozi, mkoani Songwe, kuna mahali panaitwa Mbozi Mission. Kuna kanisa la Moravian, kuna hospitali, na kuna familia ambazo babu zao walibatizwa hapo kabla nchi hii haijaitwa Tanganyika, achilia mbali Tanzania. Sisi tuliokulia Tunduma tunapita Vwawa mara kibao tukija chuo na tukirudi likizo, lakini tukiulizwa ni nani aliyeanzisha ile misheni tunabaki kuangaliana. Jina lake ni Traugott Bachmann, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1948. Wanaosoma historia ya umisionari Afrika wanamfahamu vizuri sana, na maprofesa wamemwandikia sura nzima katika vitabu vyao. Sisi wa nyumbani ndiyo hatumjui.

Nimeamua kumwandika kwenye jarida letu kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi wa kozi za ualimu muda si mrefu tutatawanyika kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mtu na begi lake la nadharia, na Bachmann ni mtu aliyekwenda kufundisha akiwa na begi la namna hiyo hiyo. Ya pili, hapa chuoni imani yetu imekuwa ya ratiba. Ijumaa kesha, Jumapili ibada, katikati ya wiki ushirika wa jioni, halafu saa zilizobaki tunaishi kama vile Mungu ana ofisi na tumeshatoka ofisini kwake. Maisha ya mzee huyu yanatuuliza swali moja: hivi masomo ya imani yanapatikana wapi hasa?

Tuanze na kanisa lililomlea. Wamoravian walianza kama wakimbizi. Mwaka 1722 watu waliokuwa wakisumbuliwa kwa ajili ya imani yao kule Moravia walipokelewa kwenye ardhi ya bwana mmoja mkubwa wa Saxony, Nikolaus von Zinzendorf, wakajenga kijiji kinachoitwa Herrnhut. Miaka 10 tu baadaye, mwaka 1732, kijiji hicho cha wakimbizi kikatuma wamisionari wake wa kwanza, wakaenda kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kwa watu waliokuwa watumwa kwenye mashamba. Hebu angalia walikuwa akina nani. Mmoja, Leonhard Dober, alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Mwingine, David Nitschmann, alikuwa seremala. Hawakuwa madaktari wa falsafa. Walikwenda na mikono yao.

Watu hao pia walikuwa na desturi ya neno la siku. Tangu mwaka 1731 wamekuwa wakichapisha kijitabu chenye mstari wa Biblia kwa kila siku ya mwaka, na desturi hiyo ipo hadi leo katika lugha nyingi. Maana yake ni rahisi tu. Mtu anaamka, anasoma mstari wake, anatoka nao kwenda shambani, karakana au sokoni, na mchana kutwa anaangalia huo mstari unakutana na nini. Kwa hiyo wazo la kutafuta somo la imani ndani ya siku ya kawaida Bachmann alilikuta kwao. Kitu ambacho hakuwa amekijua ni kwamba siku ya kawaida ya Mnyiha nayo ingeweza kubeba somo kama hilo.

Wamoravian walifika Rungwe, kwa Wanyakyusa, mwaka 1891. Bachmann akaja huku Nyanda za Juu Kusini mwaka uliofuata, 1892. Safari ya wakati huo si mchezo. Njia ya kawaida ya wamisionari wa kusini ilikuwa kwa meli hadi mdomo wa mto Zambezi, kisha kwa mashua za mtoni kuupandisha Zambezi na Shire, kutembea kwa miguu pale penye maporomoko, kupanda tena chombo hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, halafu kuipanda milima. Malaria ilikuwa inasubiri njia nzima, na wengine hawakufika. Leo sisi basi likichelewa saa mbili pale Mlowo tunalalamika mpaka dereva anachoka.

Baada ya miaka kadhaa kati ya Wanyakyusa, mwaka 1899 Bachmann akahamia magharibi zaidi, kwa Wanyiha, akaanzisha kituo cha Mbozi. Alikaa hapo miaka 17. Ndiyo miaka iliyombadilisha.

Alikuta watu gani? Alikuta watu waliochoka. Kwa miaka mingi eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika lilikuwa njia ya misafara ya watumwa na uwanja wa vita. Wasangu walishambulia kutoka upande mmoja, Wabemba kutoka upande mwingine, na vijiji vilizungushiwa ngome za miti ili watu walale japo kidogo. Ndiyo maana vituo vya misheni vya ukanda huu vilipokea watu waliokuwa hawana pengine pa kwenda, wakiwemo wanawake waliotoroka utumwa au waliokombolewa.

Lakini walikuwa pia watu wenye ujuzi. Wanyiha walikuwa wafua chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha mawe ya chuma yaliyotoka kwenye ardhi yao wenyewe, wakafua majembe yaliyokwenda kuuzwa mbali. Jembe lilikuwa zana, lilikuwa mali, na liliingia kwenye mahari. Walilima ulezi. Walikuwa na mabaraza ya wazee ya kusuluhisha ugomvi, na heshima ya kusalimiana kwa kupiga makofi na kuinama, ambayo mpaka leo ukienda kwa bibi huko Mbozi au Momba usipoifanya unaonekana umeharibikia mjini. Na walikuwa na jina la Mungu, Umulungu. Majirani zao Wanyamwanga, wa huku kwetu Tunduma, walimwita Leza. Hakuna mmisionari aliyewaletea majina hayo.

Sasa Bachmann wa miaka ya mwanzo alikuwa mkali. Alikuwa amefundishwa kwamba mtu akiokoka lazima ukuta usimame kati yake na maisha yake ya zamani, na ukuta huo yeye ndiye aliyejua upite wapi. Ngoma, hapana. Pombe ya ulezi, hapana. Mwanamume mwenye wake wawili anayetaka ubatizo, aache mmoja. Desturi za mazishi, za unyago, za tambiko, zote zikaangaliwa kwa jicho la mashaka kabla hata hajauliza zina maana gani. Mtu aliyetaka kuwa Mkristo alijikuta anapewa Kristo pamoja na mzigo mwingine wa kanuni ambazo Kristo mwenyewe hakuzitaja.

Kule kwetu kuna neno ambalo kila mkulima wa mahindi analijua, lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia, linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake anashonea kichwa kingine mpaka gunia linakuwa kama lina mimba, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Serikali imelipiga marufuku, lakini mkulima mwenye shida ya ada ya mtoto anakubali tu. Nikisoma habari za misheni za miaka ile naiona lumbesa. Injili ni gunia halali. Kile kichwa kilichoshonewa juu, cha jina la Kizungu, nguo ya Kizungu na ndoa iliyovunjwa kwa amri, kilikuwa cha mnunuzi.

Kilichomtofautisha Bachmann na wengine wengi ni kwamba aliliona hilo, tena akiwa bado kazini. Hakungoja astaafu. Na mimi naamini kazi iliyomfungua macho kuliko zote ilikuwa ya lugha. Alikaa chini kujifunza Kinyiha kwa undani ili kutafsiri maandiko, na Agano Jipya la Kinyiha lilichapishwa mwaka 1913. Wanaosoma lugha hapa chuoni wanaelewa ninachosema. Huwezi kutafsiri ukiwa umesimama juu ya watu. Ili upate neno la msamaha lazima ujue hawa watu wakikosana wanapatanaje. Ili upate neno la agano lazima ujue wanaahidianaje. Ili uandike habari za mpanzi, chachu, kondoo aliyepotea na mwanamke aliyewasha taa kutafuta sarafu, lazima uingie jikoni, zizini na shambani, ukae na kuuliza maswali ya kijinga, uchekwe, uulize tena. Kwa miaka mingi mwalimu mkuu wa Mbozi alikuwa mwanafunzi, na walimu wake walikuwa wakulima wa ulezi.

Halafu kuna lile jina. Kila ukurasa wa Agano Jipya la Kinyiha ulihitaji jina la Mungu, na jina lilikuwepo tayari. Ukishakubali kwamba Baba wa Yesu Kristo anaweza kuitwa Umulungu, umekubali jambo kubwa zaidi, kwamba Wanyiha walikuwa wanamtaja kabla meli yako haijang'oa nanga. Mtume Paulo alikutana na jambo linalofanana na hilo kule Athene, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, pale kwenye madhabahu ya mungu asiyejulikana. Hakuwaambia wale watu kwamba hawajui lolote. Alianzia pale walipokuwa.

Wilaya yetu ina mfano wa jambo hili, tena wa chuma kitupu. Kimondo cha Mbozi, kile kilichoko Ndolezi, kina urefu wa karibu mita 3 na uzito wa tani nyingi. Dunia ya nje ilianza kukiandika mwaka 1930, na vitabu vingi hutumia neno kugunduliwa. Lakini kimondo kilikuwa kimelala pale miaka isiyohesabika. Hakikuanza kuwepo siku mgeni alipotoa daftari. Bachmann, kabla hata kimondo hakijaandikwa, alikuwa ameshajifunza somo hilo kwa upande wa Mungu.

Kadiri miaka ilivyokwenda, akaanza kubadilisha mambo. Aliona hakuna sababu ya mtu kuacha jina lake ili abatizwe. Jina la Kinyiha lilitosha kwa ubatizo, kwa sababu Mungu anayejua idadi ya nywele za kichwa hashindwi kutamka jina la Mnyiha. Mmoja wa wainjilisti ambao Bachmann aliwaandikia kijitabu cha maisha, baadaye kikasomwa Ujerumani, anajulikana kwa jina la Ambilishiye. Hakuitwa Johann wala Friedrich.

Kwenye suala la wake wengi, alifika mahali ambapo wenzake wengi walishtuka. Akaona kwamba kumlazimisha mwanamume kumfukuza mke aliyemwoa kwa haki mbele ya wazee ni kutenda dhambi mpya ili kufuta jambo ambalo mila iliyahesabu kuwa ndoa halali. Yule mke anakwenda wapi? Watoto wanaitwa wa nani? Ibrahimu na Yakobo walikuwa na wake zaidi ya mmoja, na kanisa linawahubiri kila mwaka bila aibu. Bachmann akatetea kwamba watu kama hao wabatizwe na familia zao zibaki nzima. Unaweza ukakubaliana naye au ukamkatalia, na najua ndani ya ushirika wetu wa wanafunzi mada hii inaweza kukesha mpaka asubuhi. Ninachotaka uone ni mahali alipolianzia swali. Alianza na mwanamke halisi aliyesimama uani na mtoto mgongoni, siyo na kanuni iliyoandikwa mbali.

Zaidi ya yote, akazidi kuamini kwamba mambo ya desturi yaamuliwe na Wanyiha Wakristo wenyewe. Ngoma ipi iendelee na ipi iachwe, mazishi yafanyweje, wazee wa usharika wakae na kulijadili kama walivyozoea kukaa barazani. Yeye anaweza kushauri, lakini yeye ni mgeni. Kwa mtu aliyekuja akiwa na orodha ya makatazo mfukoni, hiyo ni safari ndefu kuliko ile ya Zambezi.

Nisije nikamfanya malaika. Bachmann aliishi ndani ya ukoloni na alinufaika na kivuli chake. Wakati anajenga Mbozi, serikali ya Kijerumani ilikuwa inakusanya kodi ya nyumba, na aliyeshindwa kulipa alifanyishwa kazi. Ardhi ya misheni ilikuwa na amri zake, na mwenye neno la mwisho alikuwa Mzungu. Mtu anaweza kukupenda kweli na bado akawa amekalia kiti ambacho hakikuwa chake.

Lipo na jambo la pili, ambalo kwangu ni gumu zaidi. Mgeni anayeupenda utamaduni wako anaweza kuupenda mpaka akataka kuufungia kwenye chupa. Wapo vijana wa nyakati zile ambao hawakutaka kubaki kama babu zao. Walitaka kujua Kiswahili, walitaka shule, walitaka shati, walitaka kazi ya pwani. Ukiwaambia vijana hao kwamba mila ni zawadi ya Mungu kwa hiyo wabaki nayo yote, na huo nao ni mzigo. Nadhani ndiyo maana lile wazo lake la mwisho lilikuwa la busara kuliko mengine yote, la kuwaachia wenyewe waamue. Mila siyo kitu cha mgeni kukikataza, na siyo cha mgeni kukilinda kwa niaba yao pia.

Mtihani wa kazi yake ulikuja bila taarifa. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakavuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kwa maana nyingine kutoka upande wetu huu wa Tunduma na upande wa Ileje na Kyela. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Bachmann akaondoka Mbozi akiwa na miaka 51, na kazi yake pale ikaishia hapo.

Kanisa la Mbozi halikufa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja kusaidia kuziangalia sharika za Wamoravian, na Wamoravian wenyewe walirudi katikati ya miaka ya 1920. Lakini wageni walikuwa wachache na eneo ni kubwa. Waliobeba kanisa wiki kwa wiki, kwa miguu, kutoka kijiji hadi kijiji, walikuwa wainjilisti na wazee wa Kinyiha, wakiwa na Agano Jipya la lugha yao mkononi. Jaribu kufikiria ingekuwaje kama imani yote ilikuwa kichwani na mdomoni mwa Mzungu mmoja. Siku ile askari wanamchukua, ingeondoka naye.

Bachmann alimalizia maisha yake Ujerumani na kufariki mwaka 1948, baada ya kuziona vita mbili za dunia. Kumbukumbu zake zilihaririwa na H. W. Jannasch na kuchapishwa kama kitabu mwaka 1957, miaka 9 baada ya kifo chake. Kitabu kinaitwa Ich gab manchen Anstoß. Kwa Kijerumani neno hilo la mwisho lina maana mbili. Linaweza kuwa kikwazo, kile kinachomfanya mtu ajikwae, na linaweza kuwa msukumo, ule unaomfanya mtu aanze kwenda. Yaani kwa neno moja alikiri kwamba aliwakwaza watu na kwamba aliwasukuma. Wazee wachache wenye cheo wanakubali kitabu cha maisha yao kiitwe hivyo.

Sasa turudi kwetu, maana sikuandika haya ili tupate swali la chemsha bongo.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa kwa Mbeya, na mji wake unaojulikana zaidi ni Tunduma. Watu wakiitaja Tunduma wanataja foleni ya malori, vumbi, vijana wa kubadilisha kwacha, na biashara za kila aina. Ni nadra mtu kuitaja Tunduma kama mahali pa kujifunza habari za Mungu. Lakini mpaka wenyewe ni somo. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikubaliana mstari upite wapi, na mstari huo ukawaacha Wanyamwanga huku na huku. Mpaka leo mtu wa Tunduma anavuka kwenda Nakonde kumzika shangazi, anaimba nyimbo zile zile kwa lugha ile ile, anarudi jioni. Ukitaka kumweleza mwanafunzi wa kidato cha pili kwa nini Paulo alisema habari za ukuta uliobomolewa, unayo hadithi nyumbani. Huhitaji kwenda Efeso.

Mama yangu anauza maharage sokoni. Akipima sado anajaza mpaka kilele kinamwagika, halafu anachota konzi moja juu yake, nyongeza ya mteja. Hakuna sheria inayomlazimisha, na ukimuuliza sababu anakuangalia kama vile umeuliza kwa nini maji yana unyevu. Yesu aliposema habari za kipimo kilichoshindiliwa na kujaa mpaka kumwagika, alikuwa anaongea na watu waliowahi kununua nafaka. Sasa weka nyongeza na lumbesa pembeni kwa pembeni. Zote mbili ni nafaka iliyozidi kipimo. Moja imetolewa kwa hiari na mwenye nafaka, nyingine imechukuliwa na mwenye nguvu. Hapo una kipindi kizima cha neema na dhuluma, na vifaa vya kufundishia ni sado moja na gunia moja.

Jambo linaloniumiza ni kwamba sisi tuliosoma ndiyo tunakuwa wa kwanza kutoviona vitu hivi. Tunakuja chuoni, tunapata bumu la kwanza, tunaanza kuona haya. Wapo wenzetu ambao jina la ukoo hawalitaji mbele ya watu, wanajitambulisha kwa jina la Kizungu peke yake. Wapo wanaosali kwa Kiingereza cha kuungaunga wakidhani kinafika haraka zaidi. Wapo ambao wakirudi likizo wanamsahihisha bibi kanisani, bibi ambaye ameomba kila alfajiri kwa miaka 60, kwa sababu tu hajui maneno waliyoyasikia kwenye semina. Bachmann alikuja na dharau kutoka Ulaya, akapitia miaka mingi ya kuitoa. Sisi tunaitengeneza humu humu, halafu tunaipeleka kijijini na basi.

Ndiyo maana namwona kama mwalimu wetu, hasa sisi wa elimu. Darasani tumefundishwa kwamba somo zuri huanza na kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Tunaliandika kwenye mtihani, tunapata alama, tunaogopa kudisko kwa hiyo tunalikariri vizuri. Ila kulikariri ni jambo moja. Bachmann ilimchukua zaidi ya miaka 10 kulielewa, na alilielewa siku alipokubali kwamba watu aliowafuata walikuwa na kitu cha kumpa. Hata Petro, mtume mkubwa kabisa, ilibidi aende nyumbani kwa Kornelio ndipo ajifunze kwamba Mungu alikuwa ameshafika kule kabla yake.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaojiandaa kwenda mazoezini, Momba, Ileje, Mbozi, au popote mtakapopangiwa. Wiki ya kwanza msiwe na haraka ya kurekebisha watu. Jifunzeni salamu ya pale, na mpige hayo makofi. Ulizeni majina ya watoto yana maana gani kabla hamjayafupisha. Nendeni sokoni, nendeni msibani, kaeni na wazee jioni, sikilizeni wanavyosuluhishana. Andikeni mnachokiona. Ninyi mliookoka, mnapoomba usiku mtapata mambo mengi ya kumshukuru Mungu ambayo hayakuwemo kwenye andalio la somo. Na mkipita pale Vwawa, mwulizeni mwenyeji njia ya kwenda Mbozi Mission. Wanyiha watawaelekeza, na mkiwasikiliza watawafundisha na mengine.